Kardinali Lavigerie: Mpanda mizabibu aliyedai kinywa kiandaliwe kwanza

NA MWANDISHI WETU, Mamba

CHUPA ya mvinyo bora haifunguliwi kwa pupa. Wanaoufahamu mvinyo huanza na kinywa kabla ya kugusa kizibuo. Siku hiyo huacha chai kali ya rangi, pilipili na sigara, hunywa maji safi, hutafuna kipande cha mkate mkavu, kisha husubiri. Chupa iliyotunzwa miaka kumi yaweza kupotea bure kwa nusu saa ya haraka, kwa sababu ulimi uliochoka hauwezi kupokea kile ambacho mkulima, jua na muda vimekiandaa.

Kwa wengi wetu haya ni mambo ya mahoteli makubwa ya Dar es Salaam au Nairobi, na si ya Mamba. Mji huu mdogo uko Mpimbwe, katika Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mashamba yake ni ya mahindi na mpunga, asali yake hutoka msituni, na kinywaji cha sherehe zake ni pombe ya mahindi inayopikwa na akina mama. Zabibu si zao la hapa.

Hata hivyo, divai ilifika katika pande hizi zaidi ya karne moja iliyopita. Ilifika Karema, magharibi ya Mamba, ng'ambo ya milima, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko desturi zake zilisambaa pamoja na Ukristo hadi kwenye vijiji vya Wapimbwe, Wabende na Wafipa. Ilikuwa divai kidogo sana, ya kupimwa kwa matone, na waliokabidhiwa kuinywa walikuwa na masharti ya kuandaa kinywa makali kuliko ya mwonjaji yeyote wa Paris.

Nyuma ya divai hiyo alikuwapo mtu mmoja ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Tanganyika. Huyo ni Kardinali Charles Martial Allemand Lavigerie, Mfaransa, Askofu Mkuu wa Algiers, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe. Alifariki dunia mwaka 1892. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, mwenye kuamrisha na mwenye haraka. Ajabu ni kwamba karibu kila sheria aliyowaachia wafuasi wake iliwataka wasubiri na kujiandaa kwanza. Na siku moja aliyokiuka mwenyewe mwendo huo, akiwa na bilauri mkononi, ilimgharimu sana.

Kijana wa Bayonne

Lavigerie alizaliwa Oktoba 31, 1825, karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtumishi wa forodha. Kijana huyo alisomea upadri Paris na kupewa daraja hilo mwaka 1849. Alikuwa na akili nyepesi, na haukupita muda mrefu akawa mwalimu wa historia ya Kanisa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne.

Maisha ya darasani yangeweza kumtosha, lakini alipewa pia kazi ya kusimamia chama kilichochangisha fedha kwa ajili ya shule za Wakristo wa Mashariki. Mwaka 1860 yalitokea mauaji makubwa ya Wakristo katika Lebanon na Syria. Lavigerie alisafiri hadi huko kugawa misaada, na mjini Damascus alikutana na Emir Abd el-Kader, Mwislamu mashuhuri wa Algeria aliyekuwa uhamishoni, ambaye alikuwa amewaokoa Wakristo wengi wasiuawe. Mkutano huo ulimwachia heshima kubwa kwa mtu yule, na hamu ya kuzijua nchi za Waislamu.

Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 37, alifanywa Askofu wa Nancy. Njia ya vyeo vikubwa nchini Ufaransa ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mwaka 1866 alipopendekezewa jimbo la Algiers, mahali ambapo wenzake wengi waliona ni pembezoni, alikubali bila kusita.

Njaa, mayatima na mizabibu

Alifika Algeria wakati wa balaa. Ukame, nzige, kipindupindu na homa viliandamana mwaka 1867 na 1868, na watu wengi mno walikufa. Askofu Mkuu mpya aliwakusanya watoto zaidi ya 1,000 walioachwa bila wazazi, akawatafutia malazi, chakula na walezi.

Tendo hilo la huruma lilizaa mgogoro. Gavana Mkuu wa Algeria, Marshal MacMahon, alihofu kwamba kuwalea watoto wa Kiislamu mikononi mwa mapadri kungewasha moto wa uasi. Lavigerie hakurudi nyuma, na ugomvi wao ukafika hadi kwa Mfalme Napoleon wa 3. Wapo waliomsifu kwa kuokoa maisha, na wapo waliomlaumu kwa kuitumia njaa kama mlango wa dini. Lawama hiyo haijafutika hadi leo, wala haifai kufichwa, kwa kuwa kazi yake ilifanyika chini ya kivuli cha dola iliyokuwa imeitwaa nchi ya watu wengine.

Watoto wote hao walihitaji kula. Lavigerie alipata ardhi Maison-Carrée, mashariki mwa Algiers, mahali panapoitwa sasa El Harrach. Mapadri, mabruda na mayatima waliifyeka na kuilima, na miongoni mwa mazao waliyopanda ulikuwamo mzabibu. Baadaye, Ufaransa ilipoiweka Tunisia chini ya himaya yake mwaka 1881, alipanda mizabibu huko pia, karibu na magofu ya Karthago.

Kulikuwa na hesabu ya kibiashara ndani yake. Katika miaka hiyo mdudu aitwaye filoksera alikuwa akila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuyaua mashamba, mkoa baada ya mkoa. Wafaransa walikosa mvinyo wao wenyewe, na Algeria ikageuka kuwa shamba la kuziba pengo hilo. Mvinyo wa wamisionari ulipata soko, na fedha zake zikaingia katika mfuko wa kuendeshea nyumba za mayatima na misheni.

Lakini mzabibu una somo lake. Mche mpya huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana. Ukikamuliwa, mvinyo wake hutaka tena kutulia. Mtu aliyezoea kutoa amri asubuhi na kudai matokeo jioni alijikuta akitegemea mmea usiojali amri za mtu yeyote.

Kuzoeza ulimi kwanza

Mwaka 1868 Lavigerie alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka uliofuata shirika la masista. Wafuasi wake aliwavika kanzu nyeupe na joho jeupe, mavazi ya wenyeji wa Afrika Kaskazini, na rozari shingoni. Ndipo lilipotokea jina la Mapadri Weupe.

Aliwawekea masharti matatu yaliyowashangaza wengi wa zama zake. Waseme lugha ya watu wanaoishi nao, wavae kama wao, na wale chakula chao. Sharti la tatu ndilo linaloingia moja kwa moja katika mada yetu. Lavigerie aliamini kwamba mgeni asiyeweza kula mezani pa mwenyeji hawezi kuaminiwa naye. Padri aliyelelewa kwa mkate wa ngano, jibini na mvinyo alitakiwa auzoeze ulimi wake vyakula vya wengine kabla ya kufungua kinywa kuhubiri.

Kwa waliotumwa Ziwa Tanganyika, hilo lilikuwa na maana ya ugali, samaki wa ziwani na maharage, siku baada ya siku. Kujiandaa kwao hakukuwa kwa adabu tu. Kinywa kisichozoea kilikuwa dalili ya mtu ambaye bado hajafika, hata kama miguu yake ilikuwa imefika.

Sharti jingine liliwahusu wenyeji waliotaka kubatizwa. Kulikuwa na wamisionari, wa madhehebu mbalimbali, waliobatiza kwa haraka ili kuongeza idadi. Lavigerie alikataa. Aliagiza mafundisho yagawanywe katika hatua, na kwa kawaida yachukue miaka minne kabla ya ubatizo. Mapadri wake walilalamika kwamba muda huo ni mrefu mno, hasa walipoona vijana waliokuwa tayari hata kufa kwa ajili ya imani yao. Naye, mwenye haraka kuliko wote, aliushikilia utaratibu huo. Aliona kwamba kilicho cha thamani kikimiminwa kwa asiyekuwa tayari kukipokea, humwagika.

Matone yaliyosafiri miezi

Februari 1878 Papa Leo wa 13 aliidhinisha misheni ya Afrika ya Kati, ikiwa miongoni mwa kazi za kwanza za upapa wake. Aprili mwaka huo wamisionari kumi waliondoka Ufaransa kwa meli. Walifika Zanzibar mwishoni mwa Mei, wakavuka hadi Bagamoyo, na Juni wakaanza safari ya bara pamoja na mamia ya wapagazi. Mmoja wao, Padri Pascal, alifia njiani kabla ya kufika Tabora. Waliobaki waligawanyika: kundi moja lilielekea Ziwa Victoria na Uganda, jingine Ziwa Tanganyika. Hili la pili liliingia Ujiji Januari 1879.

Gharama ilikuwa kubwa. Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, Mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa. Wengine walichukuliwa na homa. Taarifa za vifo hivyo zilimfikia Lavigerie kwa barua zilizochelewa miezi, naye aliendelea kutuma watu.

Karema kulikuwa na kituo kilichojengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier wa Ubelgiji, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa 2. Mwaka 1885 Wabelgiji walikikabidhi kwa Mapadri Weupe. Tangu hapo Karema ikawa makao ya misheni katika ufukwe wa mashariki wa ziwa, na mama wa parokia nyingi za Rukwa na Katavi ya leo. Jimbo Katoliki la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000, linatokana na mti huo.

Katika mizigo ya misafara hiyo, pamoja na vitambaa, shanga, dawa na vitabu, divai ya misa haikuweza kukosekana. Sheria ya Kanisa iko wazi: divai ya altare lazima iwe ya zabibu halisi, isiyochachuka kuwa siki. Pombe ya mahindi au ya asali, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kushika nafasi yake. Basi katika miaka ya mwanzo kila tone lilitoka ng'ambo ya bahari, likabebwa na binadamu kutoka pwani kwa miezi kadhaa, juani na mvuani.

Joto na mtikisiko ni maadui wa mvinyo. Mvinyo mwepesi husafiri vibaya, ilhali wenye kilevi kingi zaidi hustahimili. Ndiyo sababu katika miaka ya 1890 Roma ilifafanua kwamba divai ya misa iliyo dhaifu inaweza kuongezewa kilevi kitokanacho na zabibu, mradi kisizidi kiwango kilichowekwa, ili isiharibike. Kwa mmisionari wa bara, chupa iliyogeuka siki ilikuwa na maana ya wiki nyingi bila misa.

Kinywa kilichofungwa tangu usiku wa manane

Sasa tufikirie alfajiri moja Karema katika miaka hiyo. Padri ameamka kabla ya jua. Tangu usiku wa manane hajatia kitu kinywani, si chakula, si hata maji. Kama homa ilimtesa usiku na koo limekauka, bado hakunywa. Anasogea altareni, anamimina divai kidogo katika kikombe, anatia matone machache ya maji, na baada ya sala ndefu anakunywa.

Kanisa halikuweka mfungo huo kwa ajili ya ladha. Liliuweka kwa heshima, ili kitu cha kwanza kuingia kinywani siku hiyo kiwe ndicho kilicho kikuu kuliko vyote. Hata hivyo, mwili hautenganishi heshima na ladha. Ulimi ambao haujaguswa na chumvi, sukari wala moshi kwa saa kadhaa huonja kwa ukali usio wa kawaida. Mtu yule, kilomita nyingi kutoka kwenye shamba lolote la mizabibu, alionja tone lile kwa kinywa safi kuliko vinywa vingi vilivyoketi mezani Paris na chupa ya bei kubwa.

Waumini wa kawaida nao walifunga tangu usiku wa manane kabla ya komunyo, ingawa wao hawakupewa kikombe. Walipokea mkate tu. Wengine walitembea usiku kucha kutoka vijiji vya mbali. Papa Pius wa 12 alilegeza sheria hiyo mwaka 1953 kwa kuruhusu maji, na mwaka 1957 mfungo ukawa wa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliupunguza hadi saa moja. Wazee waliopata mafundisho kabla ya mabadiliko hayo waliubeba mfungo wa usiku mzima kama sehemu ya utoto wao.

Miongoni mwa walioishi kwa utaratibu huo Karema alikuwapo Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo sasa Mali, akatekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, na huko Algeria Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha. Lavigerie aliwapeleka vijana kadhaa wa aina yake Malta kusomea udaktari, kwa imani kwamba Afrika itahudumiwa vizuri zaidi na Waafrika wenyewe. Atiman alifika Karema mwaka 1889, akaoa huko, na akawatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Kati ya yote ambayo Kardinali aliyatuma Tanganyika, pengine hakuna kilichodumu kwa manufaa ya wengi kama maisha ya daktari huyo.

Sauti dhidi ya utumwa

Lavigerie alifanywa kardinali mwaka 1882, na mwaka 1884 Askofu Mkuu wa Karthago. Lakini jina lake lilienea duniani mwaka 1888, alipozunguka Ulaya kupinga biashara ya watumwa. Alizungumza Paris katika Kanisa la Saint-Sulpice Julai 1, London mwishoni mwa mwezi huohuo, na Brussels Agosti.

Hakwenda mikono mitupu. Kwa miaka kumi alikuwa amepokea barua kutoka kwa watu wake wa Ziwa Tanganyika, walioona misafara ya watumwa ikipita, vijiji vikichomwa na watoto wakiuzwa. Alizitumia habari hizo kuwaonyesha wasikilizaji hali ilivyokuwa, kisha akawaomba wachukue hatua. Na hakuishia mji mmoja. Alikwenda mji hadi mji, akiyaandaa masikio ya watu kwa jambo zito.

Juhudi za wapinga utumwa, yeye akiwa mmoja wa sauti zao kubwa, zilichangia kuitishwa kwa mkutano wa mataifa mjini Brussels mwaka 1889. Mkataba wake ulitiwa saini Julai 2, 1890. Ulihusu biashara ya watumwa na silaha, na sura yake moja ilidhibiti uingizaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Msomaji atabaini kinaya kilichopo: vita aliyoichochea mkulima huyo wa zabibu ilizaa sheria ya kuzuia vileo. Kinaya kingine ni kichungu zaidi. Mataifa yaliyotia saini yalikuwa yakiigawana Afrika wakati huohuo, na kuikomboa kukawa kisingizio cha kuitawala.

Bilauri ya Algiers

Tukio ambalo Wafaransa hulikumbuka zaidi katika maisha ya Lavigerie lilitokea mezani. Novemba 12, 1890 aliwaalika chakula maofisa wa kikosi cha manowari za Ufaransa kilichokuwa kimetia nanga Algiers, pamoja na wakuu wa serikali. Aliyekuwa mgeni mkuu ni Admirali Duperré.

Ili kuelewa kilichotokea, yapasa kukumbuka hali ya Ufaransa. Nchi ilikuwa jamhuri tangu mwaka 1870, lakini Wakatoliki wengi, hasa maofisa wa jeshi la majini, walikuwa bado wakiota kurudi kwa mfalme. Papa Leo wa 13 aliona kwamba ndoto hiyo inaliumiza Kanisa, na alitaka mtu wa kulianzisha jambo hilo hadharani. Lavigerie alikuwa ametoka kuonana naye Roma mwezi uliotangulia.

Wageni walikula na kunywa. Mwishoni, kama ilivyo desturi, mwenyeji alisimama na bilauri yake ili kuwatakia heri. Walitarajia maneno matamu kuhusu bahari na mabaharia. Badala yake aliwasomea maneno yaliyokuwa yameandikwa tayari, akisema kwamba taifa linapokuwa limechagua aina ya serikali yake, na serikali hiyo haina kitu kinachopingana na dini, wakati umefika wa kuikubali bila kinyongo. Kisha bendi ya vijana wa shule ya mapadri ikapiga wimbo wa taifa wa jamhuri, ambao masikioni mwa maofisa wale ulikuwa bado wimbo wa mapinduzi yaliyomkata mfalme kichwa.

Ukimya ulitanda. Admirali alijibu kwa maneno machache ya adabu, na shughuli ikaisha kwa baridi. Habari zilipofika Ufaransa, Wakatoliki wenye kumpenda mfalme walikasirika. Magazeti yalimshambulia. Wafadhili wengi waliozichangia misheni zake walifunga mikoba yao, na watu wake waliokuwa mbali waliathirika kwa chaguo ambalo hawakulifanya wao.

Kwa hoja, Kardinali alikuwa sahihi. Februari 1892 Papa mwenyewe aliandika waraka kwa Wafaransa wenye mwelekeo uleule. Kosa lilikuwa la mpangilio. Mtu aliyewataka wakatekumeni wasubiri miaka minne, na mapadri wake wafunge tangu usiku wa manane, aliwamiminia wageni wake kinywaji kikali kuliko vyote bila kuwaandaa hata kidogo. Walikuwa wameonja chakula chake, lakini kwa neno lile vinywa vyao vilikuwa bado vimejaa ladha ya zamani.

Pigo hilo lilimwelemea. Afya yake ilikuwa tayari imedhoofika, na miaka miwili iliyobaki aliimaliza kwa maradhi na wasiwasi wa fedha. Alifariki dunia Algiers Novemba 26, 1892, akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Karthago, katika kanisa kuu alilolijenga mwenyewe, na mwaka 1964 mabaki yake yalihamishiwa Roma, kwenye makao makuu ya shirika lake.

Kilichobaki

Mizabibu ya Algeria iliendelea kukua baada yake, hata ikaifanya nchi hiyo kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mvinyo duniani, kabla ya kupungua sana baada ya uhuru wa mwaka 1962. Tanzania nayo ilikuja kupata zabibu zake Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki walikuwa miongoni mwa waliozipanda mwanzoni, na sasa chupa za huko huuzwa madukani Mpanda kama zinavyouzwa Dar es Salaam. Divai haihitaji tena kichwa cha mpagazi.

Kwa anayetaka kufungua chupa maalumu, mafunzo ni mepesi. Dawa ya meno hufanya kitu kitamu kionekane chapwa na kichachu kionekane kichungu, hivyo mswaki upigwe mapema. Chai na kahawa zikolee kidogo siku hiyo au ziachwe, kwa kuwa ukakasi wa chai ni ndugu wa ukakasi wa mvinyo mwekundu. Pilipili huwasha zaidi ikikutana na kilevi, nayo huuziba utamu wa tunda. Mvinyo mkavu uonjwe kabla ya mtamu, na mwepesi kabla ya mzito, kwa sababu ulimi uliokwisha kuonja utamu huuona mkavu kama siki. Chupa ya zamani yenye mashapo isimamishwe wima tangu jana yake. Maji na mkate mkavu vinatosha kuusafisha ulimi kati ya bilauri moja na nyingine.

Hayo yote yanaweza kufanywa na yeyote mwenye subira ya jioni moja. Lavigerie alidai subira ndefu zaidi, akaipata kwa watu wake wengi wa Karema, nao waliilipia kwa homa, njaa na makaburi kandokando ya ziwa. Katika makanisa ya Mpimbwe mfungo sasa ni wa saa moja tu kabla ya komunyo, na divai humiminwa kwa kipimo kilekile cha zamani, kidogo kiasi cha kufunika chini ya kikombe.